Aliyewaunganisha Pomboo

Kwenye karatasi alikuwa mfagizi. Tulijue hilo kabla ya yote, maana ndilo lililommaliza. Siku aliyoajiriwa alipewa ufagio, ndoo mbili na ufunguo wa chumba cha vielelezo cha chuo cha ualimu, na kuanzia siku hiyo mpaka asubuhi hii ninayoisimulia, miaka thelathini na mmoja baadaye, jalada lake lilisema neno hilohilo. Akishaweka ufagio kando anafanya nini, jalada halikuuliza.

Wanafunzi walimwita Mama Pomboo. Chumba chenyewe kilikuwa kirefu, madirisha upande mmoja tu, kinanuka dawa ya nondo na mbao za zamani. Ukiingia, kulia kwako kulikuwa na kabati la kioo la wale wanyama wa ajabu wanaotaga mayai na bado wananyonyesha. Kushoto, juu, walining'inia pomboo watatu kwa waya kutoka kwenye boriti, mifupa mitupu, weupe, pua zao zimeelekea dirishani. Kabati lilikuwa la marehemu mumewe. Pomboo walikuwa kazi yake yeye. Lakini lile daftari jeusi la kazi, lenye safu ya "aliyetayarisha", lilikuwa na jina moja tu kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, nalo lilikuwa jina la mume.

Mume huyo, ambaye chuo kizima kilimwita Fundi, hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu nimejiapiza kusema kweli, si kwamba nina mapenzi naye. Mkono wake kwenye ngozi ulikuwa mwepesi mno. Akimshona ndege, uzi huuoni hata ukimgeuza kichwa chini. Lakini siku gari la idara ya uvuvi lilipoleta pomboo wa kwanza, kafa siku nne, kafunikwa turubai, Fundi aliishia mlangoni na kitambaa puani. "Mimi ni mtu wa ngozi," akasema. "Mifupa mwachieni mama." Watu wakacheka. Mkewe hakucheka, alikuwa ameshakunja mikono ya gauni.

Miezi mitano alikaa nyuma ya jengo na mapipa yake. Alimkata vipande, akamloweka, akawa anabadilisha maji kila baada ya siku tatu, na kila tone la maji yale alilipitisha kwenye chujio la waya lililotandikwa kipande cha chandarua, maana pomboo ana vifupa vidogo vinavyoondoka na uchafu usipokuwa macho. Harufu ilimganda mwilini. Kwenye vikao vya wazazi, shuleni kwa binti yake, watu walihama benchi. Alikuwa akirudi nyumbani anaoga mara tatu, halafu analala upande wa ukutani ili asimkere mwenzake, ambaye kesho yake ndiye angeandikwa daftarini.

Katika chujio lile alipata vifupa viwili ambavyo wengi huvimwaga bila kujua: vya nyonga, vyembamba, urefu wa kidole cha kati, visivyoshikana na mfupa wowote. Vinaelea tu ndani ya nyama. Ndicho kilichobaki cha miguu ya nyuma ambayo pomboo hana tena. Alivikausha juu ya gazeti, akaviangalia hadi Fundi akamuuliza kama kaokota dhahabu.

Baada ya huyo wakaja wengine wawili, kwa miaka tofauti. Na hapo ndipo mwanamke huyu aliyeishia darasa la saba alipojua jambo ambalo wahadhiri walikuwa wakilisoma kwenye vitabu tu, kwamba pomboo na pomboo si kitu kimoja. Wa kwanza, mwenye pua ya chupa, alikuwa na pingili sitini na tatu za uti wa mgongo na meno machache manene. Wa pili, yule anayeruka na kujizungusha hewani, alikuwa mwembamba, pingili sabini na tatu, mdomo mrefu uliojaa meno madogo kama punje za mtama. Wa tatu, mwenye nundu, alikuwa na pingili hamsini na moja tu, fupi na nene. Alizihesabu mara nne. Akafumba macho akazihesabu kwa vidole. Na yule wa pua ya chupa alikuwa na ubavu mmoja wa ziada upande wa kushoto, mdogo, uliopinda. Mama Pomboo aliutoboa, akaupitisha waya, akauweka mahali ulipokuwa. Mnyama alikuja nao, basi na akae nao.

Alimwomba mumewe aandike jina lake. Si mara moja. Fundi hakukataa, na hilo ndilo linalonichoma mimi, kwamba hakukataa. "Daftari ni la wenye cheo," alikuwa akisema. "Subiri wakupandishe, nitayaandika yote kwa mpigo." Hawakumpandisha. Akasubiri. Watu wengine subira huwavutia heri. Yeye ilimvuta hadi shimoni.

Sasa tuje kwenye kabati, maana balaa lilianzia huko.

Ndani mlikuwa na wanyama wawili. Mmoja alikuwa kinyamadege, yule mwenye mdomo wa bata na mkia mpana, ambaye alitoka ng'ambo ameshajazwa na kushonwa, hakuguswa na mkono wa mtu pale chuoni ila kupanguswa vumbi. Dume, mwenye mwiba wa sumu kwenye mguu wa nyuma. Wa pili alikuwa ekidna, mwenye miiba mwili mzima, wa aina ya mdomo mfupi. Huyo alikuja ngozi tupu ndani ya sanduku la mbao, zawadi ya mhadhiri mgeni, na Fundi akamjaza. Ilikuwa kazi yake bora. Miiba ilisimama kila mmoja kwa mwelekeo wake, mdomo umenyooka kama kalamu, macho ya kioo yanakufuata. Tatizo lilikuwa miguu ya nyuma. Ngozi ilifika na vidole vya miguu hiyo vikitazama nyuma. Fundi akakuna kichwa. Akasema aliyechuna kafanya vibaya, kaikausha ikiwa imejipinda. Akailainisha kwa maji ya chumvi, akaigeuza miguu ikatazama mbele, akaishona. Watu wakamsifu kwa kumnyoosha mnyama aliyekuwa ameharibika.

Na ekidna, jamani, ndivyo alivyo. Miguu yake ya nyuma hutazama nyuma, akiwa hai, akiwa anachimba, tangu kuumbwa kwake.

Mama Pomboo aligundua miaka kumi na minane iliyopita, akipiga deki nyuma ya ukumbi wakati wanafunzi wanaonyeshwa filamu. Pazia likajaa ekidna mzima anatembea, mguu wa nyuma umegeuka kama mtu aliyevaa viatu kinyume. Alisimama na deki mkononi mpaka maji yakamtiririkia miguuni. Jioni, nyumbani, alimwambia mumewe taratibu, baada ya kula, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Fundi alicheka. "Mnyama gani atembee anakwenda huku vidole vinarudi kule?" Kisha akanyamaza siku mbili. Siku ya tatu akamshika mkono na kumwambia, "Ukilitoa hili nje, mke wangu, utakuwa umeniua."

Basi hakulitoa. Mwaka hadi mwaka alipangusa kioo kile na kumtazama mnyama yule na miguu yake ya uongo. Wanafunzi walipouliza, alisema muulizeni Fundi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, yeye akaona hayamhusu, maana uchi wenyewe haukuwa wake. Fundi akafa kwa presha, mwaka wa nne huu. Hata baada ya hapo hakuigusa miguu ile.

Kisha chuo kikatangaza kwamba chumba kinageuzwa kuwa cha kompyuta. Makumbusho makuu yangemtuma mkaguzi aangalie kipi kinafaa kuchukuliwa, kitakachobaki kitatupwa. Mama Pomboo hakulala vizuri wiki nzima. Hakuwa na haja ya kitu kingine chochote duniani. Binti alikuwa ameolewa mbali, nyumba ilikuwa ya chuo na angeirudisha akistaafu. Alitaka pomboo wake wapone. Siku moja kabla ya mkaguzi kufika, alifungua kabati, akamshika ekidna goti, akajaribu kulizungusha kidogo tu. Ngozi ikalia. Akaona ufa mwembamba umeanza, akauachia mguu, akafunga kabati.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alianza na pomboo. Alizunguka chini yao shingo juu, muda mrefu, akipiga picha.

"Mama, hii ni kazi nzuri sana," akasema. "Vifupa vya nyonga vipo. Mimi hivi nimeviona mara chache mno." Akauliza nani aliyetayarisha, akafungua daftari, akasoma jina. Akavuka chumba hadi kwenye kabati.

Mama Pomboo aliona mgongo wa mkaguzi ukiganda. Akajua.

"Huyu ekidna," mkaguzi akasema, "nani kamgeuza miguu?"

Mkaguzi akarudi kwenye daftari, akasoma jina lilelile, akavua miwani. Kisha akarudi chini ya pomboo wa pua ya chupa, akanyoosha kidole kwenye ule ubavu wa ziada.

"Na huu? Kumi na tatu huku, kumi na mbili kule. Huu umetoka wapi?"

"Umetoka ndani yake."

"Nitajuaje?" Hakusema kwa ukali. "Mama, nisikilize. Mtu aliyegeuza miguu ile aliona mnyama kakosea, akamsahihisha. Mtu wa namna hiyo akikuta pingili moja zaidi ataitoa. Akikuta ubavu umepungua atatafuta mwingine aweke. Watu wanakuja kwetu kupima na kuhesabu. Siwezi kuwapa mifupa iliyopitia mkono ule."

"Haikupitia mkono ule," Mama Pomboo akasema. "Ni mimi."

Akasema yote. Maneno yaliyokaa miaka yote ile yalimtoka bila mpangilio, mapipa, chujio, chandarua. Alisimama juu ya kiti, akafumba macho, akapitisha vidole kwenye mgongo wa yule mwembamba, akaeleza pingili za kiunoni zinaanzia wapi na kwa nini za mwenye nundu zikiingizwa pale zitakataa. Akataja meno. Akaeleza jinsi mifupa miwili ya kwanza ya shingo ilivyokuja imeungana, na Fundi alivyotaka aitenganishe kwa msumeno ili ipendeze, naye akaificha chini ya ndoo hadi hasira zimwishe. Akaenda hadi kabatini akasema huyu ekidna ni wa mdomo mfupi kwa sababu miiba imezidi nywele na mdomo haukupinda. Yule wa mdomo mrefu miiba yake hujificha manyoyani. Huyu hutaga yai moja akalitia mfukoni tumboni, kinyamadege hutaga yake shimoni akayakumbatia kwa mkia, na wote wawili hawana chuchu, maziwa huvuja kwenye ngozi watoto wakalamba. Pomboo anazaa mtoto mzima, chuchu zake zimefichwa kwenye mikunjo. Alisema mpaka sauti ikakauka.

Mkaguzi alikuwa amekaa kwenye ukingo wa meza, kalamu haiandiki.

"Na hii miguu, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na minane."

"Mbona hukusema?"

"Alikuwa mume wangu."

Mkaguzi alivaa tena miwani yake. Mwishowe akasema yeye binafsi anamwamini, ila ripoti haiandikwi kwa kuamini. Alihitaji barua fupi yenye saini na muhuri wa ofisa wa chuo aliyekuwepo miaka ile, aseme kwamba kazi ya pomboo ilifanywa na mama huyu. Kesho saa nne asubuhi anaondoka. Ofisa wa miaka ile aliyebaki chuoni alikuwa mmoja, mkuu wa utawala. Na mkuu wa utawala alikuwa mdogo wake Fundi, tumbo moja.

Mama Pomboo alimkuta ofisini saa nane. Shemeji yake alimpokea vizuri, alimvutia kiti mwenyewe, akamuuliza habari za binti. Alikuwa karani wa majalada enzi za mapipa. Mara ngapi alipita nyuma ya jengo ameziba pua, akamtania kwamba kaka yake kaoa samaki. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Shemeji," akasema, "unajua unachoniomba?"

"Naomba useme ulichokiona."

"Unaomba nimvue nguo kaka yangu, na yuko kaburini." Alisogeza karatasi mezani zikae sawa, ingawa zilikuwa sawa. "Nikiandika hivyo, maana yake kila ukurasa wa daftari lile ni uongo. Na mimi ndiye niliyekuwa ninalipeleka kwa mkuu wa chuo kila mwisho wa mwaka. Naligonga muhuri, nikijua."

"Ulijua."

"Nani hakujua? Lakini wewe mwenyewe ulinyamaza. Mlikuwa mnakula sahani moja. Leo hayupo kujitetea ndiyo unasema. Asiyekuwepo na lake halipo, eti?"

Mama Pomboo alitaka kumwambia kwamba aliyekuwa hayupo miaka yote ni yeye. Alikuwa na neno tayari, lilifika hadi kwenye meno. Akamtazama shemeji yake, akaona mdomo wa Fundi, na ile namna ya Fundi ya kuinamisha kichwa akiomba jambo, na ujasiri ukamtoka wote.

"Hawa pomboo watatupwa," akasema.

"Ni mifupa, shemeji. Watu wanatupwa." Akainuka, akamshika bega. "Ukistaafu mwezi wa sita nitahakikisha unapata cheti cha utumishi mrefu. Chenye fremu. Hakuna mfagizi aliyewahi kukipata hapa."

Alimshukuru. Unasikia? Alimshukuru, akatoka, akashuka ngazi ameshika ukuta.

Asubuhi mkaguzi alimsubiri mpaka saa nne na nusu. Alipomwona anakuja mikono mitupu hakuuliza. Alimfunga kinyamadege ndani ya boksi kwa pamba na karatasi, kwa kuwa huyo hakuguswa na mtu, akaomba msamaha mara mbili, akaingia garini. Kitu pekee kilichookoka katika chumba kizima kilikuwa kile ambacho wao hawakukifanya.

Alhamisi likaja tangazo kutoka utawala: chumba kiwe wazi kufikia kesho saa sita mchana. Lilikuwa limeandikiwa mfagizi.

Ijumaa alianza saa mbili asubuhi, peke yake, na koleo la kukatia waya. Kwanza alimshusha ekidna na kumweka kwenye meza. Alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alizungumza na mumewe kwa sauti. "Hukuniandika," akamwambia. "Ningekufichia miguu hii mpaka kiama, wala nisingelalamika. Ungeniandika tu." Alilia hapo, kwa kelele, huku kashika ukingo wa meza. Hakuna aliyepita.

Kisha akapanda kiti akaanza kukata. Mwanzoni alitandaza magazeti matatu sakafuni, kila pomboo na gazeti lake, pingili kwa mpangilio wake, kichwa huku mkia kule, kama vile kuna mtu atakuja kuwaunganisha tena. Alifika nusu ya yule mwembamba, akasimama, akatazama alichokuwa anafanya. Akachukua gunia akaanza kutia. Alitia bila kuchagua, wa nundu juu ya wa pua ya chupa, meno, mbavu, taya. Vidole vyake viliendelea kujua. Kila mfupa ulipopita mkononi vilimwambia huu ni wa nani, na wa ngapi kutoka shingoni, naye hakuwa na namna ya kuvinyamazisha. Magunia yakawa manne.

Saa tano na nusu gari la taka likarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Dereva alikuwa mtu mzima, mcheshi, mgeni pale chuoni. Alibeba gunia la kwanza, akastaajabia wepesi wake, akalifungua mdomo akachungulia. Akatoa taya moja ndefu yenye meno madogo madogo, akaigeuza kwenye mwanga.

"Mama," akauliza, "hii ni mifupa ya kitu gani?"

Mama Pomboo alikuwa ameshika ufagio, anakusanya vipande vya waya sakafuni. Hakuinua kichwa.

"Samaki tu," akasema.

Dereva akairudisha taya guniani na kulirusha gunia ndani ya gari, na yeye akaendelea kufagia.